Kindi wa mwanangu hawezi tena kupanda: nani atamtibu hapa Lubumbashi?

Yambo sana Docta,

Ninaandika kutoka Katuba. Mwanangu wa miaka 11 ana kindi jike, jina lake Bijou. Tulimpata masika yalipoanza. Muuza makala anayetuletea magunia kutoka upande wa Kasenga alikuja naye mfukoni. Walikuwa wamekata mti wenye tundu, ndani wakakuta watoto wawili, mmoja tayari amekufa. Kijana alilia mpaka nikatoa franga kidogo, nikamnunua.

Amekua vizuri, mwepesi, anapanda mapazia, anamjua mwanangu kwa hatua zake. Analala kwenye kizimba cha waya sebuleni, kando ya dirisha la kioo, maana uani kuna paka wa jirani. Chakula chake ni karanga, mahindi makavu na mbegu za maboga, na siku nyingine bukari, yaani ugali. Matunda tunampa, anayanusa tu na kuyaacha.

Baridi hii ilipoingia nikaona anaruka na kukosa. Kisha mikono ikaanza kutetemeka anaposhika karanga. Sasa anaburuza miguu ya nyuma, na tangu jana hata karanga hazitaki. Ukimshika kiunoni analia. Hana vipele, haharishi, hatoki damu.

Nimeuliza watu. Kwenye duka la dawa wameniambia nifungue kapsuli ya amoksisilini nimchanganyie. Jirani anayefuga mbuzi amenipa chupa yake ya ivamektini iliyobaki. Shemeji anasema huyu ni panya wa msituni, atupwe leo hii, kwa sababu mke wake ana mimba na kindi ndio wanaoleta mpox. Daktari mmoja wa mifugo nilimpigia simu. Akasema kazi yake ni ng'ombe na mbwa, kindi hamjui, akakata.

Nyumbani wananishangaa kwamba natafutia kindi daktari wakati unga umepanda bei. Lakini mwanangu hali chakula, anakaa chini kando ya kizimba mpaka namfukuza akalale. Nifanye nini usiku huu? Nani atakubali kumwona? Na shemeji, je, ana haki?

Mama wa Katuba

---

Mama, yambo. Tuanze na usiku huu, kwa sababu mnyama mdogo kiasi hiki akiacha kula, siku moja kwake ni ndefu sana.

Kwanza apate joto. Hii Lubumbashi ya Juni na Julai inashuka chini ya digrii 10 usiku, na kindi porini hawalali kila mmoja peke yake. Wanabanana kwenye tundu la mti, ukoo mzima. Bijou hana wa kubanana naye. Mtoe kwenye kizimba kirefu, umweke ndani ya katoni fupi yenye kitambaa laini kisicho na nyuzi za kunasa kucha. Jaza chupa ya plastiki maji ya moto ambayo mkono wako unayavumilia, ifunge na kipande cha kitenge, uiweke upande mmoja wa katoni ili akiona joto limezidi ajisogeze. Katoni fupi ina faida nyingine: hatapanda, hataanguka. Mifupa yake sasa inaweza kuvunjika kwa kuruka kutoka kitini. Na tafadhali, usiwashe mbabula, jiko la makala, ndani ya chumba kilichofungwa ili apate joto. Gesi ya makala haionekani wala hainuki, na inaua watoto wa watu pia.

Akishapata joto, si kabla, mpe maji. Chemsha maji lita 1, tia vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi, yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu. Tafuta sirinji ya mililita 1, ondoa sindano, mdondoshee tone moja moja pembeni ya mdomo akiwa amekaa kifudifudi kama anavyokaa mwenyewe. Usimlaze chali kama mtoto mchanga. Maji yakiingia mapafuni yatamuua kabla ya ugonjwa wenyewe. Asipomeza, acha, umpe joto tena, ujaribu baadaye. Maziwa ya ng'ombe usimpe.

Sasa nikuambie ninachokiona katika barua yako. Sijamshika Bijou, kwa hiyo neno la mwisho ni la daktari atakayemshika. Ila karanga, mahindi na mbegu za maboga miezi yote hii, kizimba nyuma ya kioo, kuruka na kukosa, mikono kutetemeka, kisha miguu ya nyuma kulegea na maumivu ya kiuno, hayo yote yanaelekea mahali pamoja: upungufu wa kalsiamu. Ni ugonjwa unaowapata kindi wengi wanaofugwa ndani ya nyumba, na mara nyingi mwenye kindi anampenda sana, anampa kile anachokipenda kila anapokiomba.

Inakuwa hivi. Mwili wa kindi unahitaji kalsiamu iwe nyingi kuliko fosforasi katika chakula chake, na bora iwe mara 2 hivi. Karanga ina fosforasi mara 4 ya kalsiamu yake. Mahindi makavu na mbegu za maboga zinazidi hapo, mara 25 na kupita. Juu ya hayo, ili kalsiamu iingie mwilini inahitaji vitamini D, na hiyo ngozi inaitengeneza kwa mionzi ya jua ambayo kioo cha dirisha kinaizuia. Kindi wa miombo yetu asubuhi hutoka tundu lake akaota jua kwenye tawi kabla ya kwenda kutafuta chakula. Bijou anauona mwanga, lakini jua lenyewe halimfikii. Damu yake inapokosa kalsiamu, mwili unaing'oa kwenye mifupa yake mwenyewe. Ikipungua hata hapo, misuli na mishipa ya fahamu inaanza kukosea kazi, ndipo unaona kutetemeka, miguu kulegea, na mwisho degedege.

Kwa hiyo usiku huu tafuta kwenye duka la dawa vidonge vya kalsiamu kaboneti, vile vya kawaida visivyochanganywa na dawa nyingine. Saga kimoja kiwe unga laini, chukua kiasi cha ncha ya kisu, koroga na maji vuguvugu na ndizi mbivu kidogo, umlambishe. Rudia hivyo hivyo kila baada ya saa chache mpaka mfike kwa daktari. Kama duka limefungwa, ganda la yai ni kalsiamu kaboneti karibu lote: lichemshe, likauke, lisage mpaka liwe kama unga wa kutengeneza bukari. Linafanya kazi polepole kuliko ugonjwa huu unavyokwenda, lakini ni afadhali kuliko kukaa hivi hivi. Akianza degedege, usimtie kitu chochote mdomoni. Hapo ni safari, hata kama ni usiku.

Dawa mlizopewa ziweke mbali. Jirani yako ametaka kusaidia, lakini hesabu inatisha. Chupa ya ivamektini ya mbuzi kwa kawaida ina miligramu 10 katika kila mililita. Kipimo kinachotumika sana ni miligramu 0.2 kwa kilo moja ya mnyama. Kindi wa gramu 200 anahitaji basi miligramu 0.04, yaani mililita 0.004, kiasi ambacho sirinji yako haiwezi hata kukionyesha. Tone moja tu kutoka chupa hiyo ni zaidi ya mara 10 ya kipimo. Na haitibu mifupa, inatibu wadudu. Amoksisilini nayo inaua bakteria, pamoja na wale wema wa tumboni wanaomsaidia mnyama wa aina hii kumeng'enya chakula. Kwa simbilisi na sungura inajulikana kwamba ikipitia mdomoni inaweza kuua. Hatuna sababu ya kumjaribia Bijou. Parasetamoli pia hapana.

Kuna mambo mengine yanayoweza kulegeza miguu ya nyuma, na daktari atakuuliza, kwa hiyo fikiri vizuri kabla hujafika. Aliwahi kuanguka kutoka juu, au kubanwa na mlango? Je, nyumbani au kwa jirani kumewekwa sumu ya panya, au mmepuliza dawa ya mbu sebuleni? Dawa ya wadudu inatetemesha pia, lakini mara nyingi mate yanatiririka. Sumu ya panya inatoa damu puani au kwenye mkojo, na ufizi unakuwa mweupe. Mwangalie na meno: ya mbele yanakua maisha yote, na asipotafuna kitu kigumu yanapindana mpaka hawezi kula. Rangi ya machungwa kwenye meno isikutishe, ndiyo rangi yake. Na karanga zenyewe zinuse. Zenye ukungu zina sumu inayoharibu ini. Hizo asile yeye wala nyinyi.

Nani atamwona? Hapa, Mama, sisi wa Lubumbashi tuna bahati ambayo miji mingi ya nchi hii haina. Chuo Kikuu cha Lubumbashi, UNILU yetu, kina kitivo kizima cha tiba ya mifugo. Waliosomea hapo wameenea nchi nzima. Nenda asubuhi na mapema siku ya kazi, uliza wanapotibiwa wanyama, na umtafute mwalimu anayeona wanyama wadogo, sungura na simbilisi hasa, kwa sababu anayejua tumbo na meno ya sungura hatashangaa sana mbele ya kindi. Ukikosa, uliza kwenye bustani ya wanyama ya mji ni daktari gani wanamwita. J.A.C.K., wale wanaotunza sokwe walionyang'anywa wawindaji tangu 2006, kazi yao si kindi na sikutumi umpeleke kwao akae. Lakini anayeishi na wanyama wa pori anajua docta gani hapa mjini ana mkono mwepesi, na kuuliza ni bure.

Sasa yule daktari aliyekukatia simu. Usimfute. Nadhani alisikia neno kindi akaona kitu ambacho hakufundishwa, wakati ugonjwa wenyewe anaujua sana. Ng'ombe wa maziwa akizaa, mara nyingine kalsiamu yote inakimbilia kwenye maziwa, damu inabaki tupu, mnyama anatetemeka, miguu ya nyuma inakataa, analala chini. Kila daktari wa ng'ombe amekutana na hali hiyo, na katika mfuko wake kuna kalsiamu ya kuchoma kwa sindano kwa ajili hiyo. Mpigie tena, au mpigie mwingine, lakini safari hii anza hivi: "Docta, nina mnyama mdogo wa gramu kadhaa, amekula karanga na mahindi peke yake tangu udogo, hapati jua, anatetemeka na miguu ya nyuma imelegea. Nadhani ni kalsiamu. Unaweza kumpima na kumchoma kwa kipimo cha uzito wake?" Hapo unamwomba kazi anayoijua. Kipimo tu ndicho kinachobadilika, na kipimo anaweza kukihesabu. Ila wewe mwenyewe usije ukanunua chupa ya kalsiamu ya ng'ombe na kuchoma nyumbani. Ikiingia haraka au nyingi inasimamisha moyo.

Ndiyo maana uzito ni jambo la kwanza atakalolihitaji. Usikisie. Nenda kwa muuza viungo au muuza dagaa mwenye mizani ya gramu, pima katoni ikiwa na Bijou ndani, kisha katoni tupu, utoe. Kindi wetu wengi hawafiki gramu 300, na kosa la gramu 50 kwao ni kubwa. Piga video fupi ya jinsi anavyojiburuza, kwa sababu wanyama wengi wakifika mbele ya mgeni wanajikaza na kuficha ugonjwa. Andika chakula chote anachokula, hata mkate na biskuti anazopewa kwa siri. Uliza bei kabla ya kutoka nyumbani, na useme wazi una franga ngapi. Docta akijua ataanza na kilicho cha lazima, na picha ya mifupa inaweza kungoja kama kalsiamu inaonekana kumsaidia. Kwenye taksi mfunike katoni, uache matundu ya hewa, na chupa ya joto iwemo.

Kuhusu shemeji. Hofu yake haikutoka hewani, na nisingependa achekwe na mtu. Virusi vya mpox viliwahi kupatikana ndani ya kindi wa porini, hapa hapa nchini kwetu, mwaka 1985. Mtu wa kwanza kujulikana kuugua alikuwa mtoto mchanga wa Basankusu, 1970. Na tumeona jinsi aina mpya iliyoanzia Kamituga ilivyosambaa mpaka Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura tarehe 14 Agosti 2024. Mwanamke mwenye mimba akiambukizwa, mtoto wa tumboni yuko hatarini. Kwa hiyo mke wa shemeji asimshike Bijou, asisafishe kizimba wala kufua vitambaa vyake, na hilo ningelisema hata kama Bijou angekuwa mzima.

Lakini tuangalie na upande wa pili. Bijou yuko ndani ya nyumba yenu tangu masika, hajakutana na mnyama mwingine wa msituni, hana vipele, hana malengelenge, na hakuna mtu wenu aliyeugua. Miguu ya nyuma kulegea sicho kitu cha kwanza tunachokitazamia kwa mpox. Sioni sababu ya kumtupa. Naona sababu ya sabuni. Mwanao amshike akiwa amevaa glavu au mfuko safi mkononi, anawe kila mara, asimbusu, asile naye sahani moja. Akiuma, kwa sababu mnyama mwenye maumivu huuma hata anayempenda, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha mwonyesheni muuguzi. Vipele vikitokea kwa Bijou au kwa mtu wa nyumbani, nendeni kituo cha afya mara moja na mtaje kwamba mna kindi.

Akipita hapa, chakula kitabadilika, na atakataa. Amezoea mafuta ya karanga. Usimwonee huruma. Karanga ibaki moja, ya kumpongeza, si chakula. Mpe majani ya kabichi ya Kichina na majani ya moringa, yote yana kalsiamu nzuri. Lengalenga (mchicha) ina kalsiamu pia lakini inaishikilia, haiachii mwilini, basi iwe kidogo. Sombe mbichi, majani ya muhogo, kamwe, ina sumu. Mpe vinkubala, wale viwavi wa kuliwa, wasiotiwa chumvi na kumbikumbi wakati wao, maana kindi wa porini hula wadudu. Mfupa mkavu wa ng'ombe uliochemshwa ukasafishwa, autafune; meno yatapungua na kalsiamu itaingia. Matawi mabichi ya mwembe au mpera yenye gome, ambayo hayajapuliziwa dawa. Na jua: kila asubuhi kizimba kitoke uani, nusu yake kivulini, mtu akikaa karibu kwa ajili ya paka. Hamu ya kula inaweza kurudi baada ya siku chache tu za kalsiamu. Mifupa inachukua wiki nyingi, hata miezi, na familia nyingi zinaacha dawa pale mnyama anapoanza kuruka tena, ndipo anaanguka upya. Docta ndiye atakayesema lini kuacha.

Muuza makala atakuja na mwingine. Ukinunua, atajua kindi wana soko Katuba, na kesho atatazama kila tundu kabla ya kuangusha mti. Mwambie hapana, na umweleze mwanao kwa nini.

Inawezekana pia docta akakuta uti wa mgongo umevunjika, miguu haisikii kitu hata ukibanwa ukucha. Hapo matibabu yatakuwa kumrefushia maumivu, na daktari ana sindano ya kumlaza asiamke. Kijana wako asidanganywe kwamba Bijou amerudi msituni. Ana miaka 11, atajua, na atakumbuka nani alimwambia kweli.

Na umchukue kwenda naye kwa docta, hata akikosa shule asubuhi hiyo. Mpe katoni aishike yeye. Wewe unajua Bijou alianza kuburuza miguu lini. Yeye anajua alianza lini kushuka pazia polepole, karanga ya mwisho aliitafuna upande gani, na ni mguu upi uliotangulia kulegea. Daktari akiuliza, mwache kijana ajibu.